Maji ya Rejeta Hayapungui Bure: Kutunza Mfumo wa Kupoza Injini ya Gari Kuukuu

SOMO LA UFUNDI KWA WAKAZI

Mkazi yeyote anayepanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi ameiona hali hii. Gari limeegeshwa kando ya kona, boneti iko wazi, mvuke unafuka, na dereva amesimama na mtungi wa lita tano akingoja injini ipoe. Abiria wameshuka. Mboga zilizokuwa zikipelekwa sokoni zinanyauka juani. Baada ya nusu saa maji yanaongezwa, safari inaendelea, na kesho yake mambo huwa yale yale.

Wengi wetu tumezoea kusema, "Gari hili linakunywa maji." Somo hili linataka kuondoa kauli hiyo vinywani mwetu. Petroli huchomwa ndiyo maana huisha. Maji ya rejeta hayachomwi. Yamo ndani ya mfumo uliofungwa, yanazunguka na kurudi. Yakipungua, kuna mahali yanapotokea, na mahali hapo panaweza kutafutwa na kuonekana. Anayeongeza maji kila asubuhi bila kutafuta yanakokwenda anasogeza tu siku ya kuharibikiwa.

Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Hata hivyo, ujuzi wa aina hii hauwahusu wanafunzi wa vyuo peke yao. Unamhusu mkulima, dereva wa teksi, mwalimu, na kila anayemiliki gari la miaka 20 au zaidi na kulitegemea kwa riziki. Mfano wetu mkuu utakuwa Toyota Corolla ambazo wengi huziita "100" na "110", zenye injini ya 5A-FE, kwa sababu bado ziko nyingi barabarani. Kanuni zenyewe zinafaa magari mengi mengine.

KWA NINI MLIMA WETU HUYAFICHUA MAGARI

Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Wundanyi iko juu ya mita 1,300. Gari linalotoka Voi kwenda Wundanyi hupanda zaidi ya mita 700 katika safari isiyofika kilomita 50, na sehemu kubwa ya mwinuko huo huja baada ya Mwatate. Hapo dereva yuko gia ya pili au ya kwanza, injini inazunguka kwa kasi, lakini gari lenyewe linakwenda polepole. Joto linalozalishwa ni jingi, na upepo unaoingia kwenye rejeta ni mdogo.

Takriban thuluthi moja ya nishati ya mafuta yanayochomwa katika injini huishia kwenye maji ya kupoza. Katika tambarare ya Voi, rejeta iliyoziba nusu inaweza kuyamudu joto hayo. Kwenye kona za kupanda Wundanyi haiwezi. Kwa hiyo tusiulaumu mlima, kwa maana unachofanya ni kuonyesha ugonjwa uliokuwemo tangu zamani.

JINSI MFUMO UNAVYOFANYA KAZI

Ukifahamu sehemu sita zifuatazo, utaweza kuzungumza na fundi kwa lugha moja.

1. Pampu ya maji. Huyasukuma maji yazunguke ndani ya injini. Katika injini ya 5A-FE huendeshwa na mkanda wa nje. Mkanda ukilegea au ukikatika, maji husimama.

2. Njia za maji ndani ya injini. Maji hupita kuzunguka silinda na kwenye silinda hedi, yakibeba joto.

3. Themostati. Ni mlango mdogo unaofunguka kwa joto. Injini ikiwa baridi hufungwa ili injini ipate moto haraka. Ya Corolla hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84 za Selsiasi, na hufunguka kikamilifu kwenye nyuzi 95 hivi.

4. Rejeta na mipira yake miwili. Maji ya moto huingia kwa mpira wa juu, hupoa yakipita kwenye mirija myembamba, kisha hurudi kwenye injini kwa mpira wa chini.

5. Feni. Huvuta hewa kupitia rejeta gari likiwa limesimama au likienda polepole. Corolla ina feni ya umeme inayojiwasha maji yakipita nyuzi 90 hivi. Magari mengi makubwa ya kazi yana feni inayozungushwa na mkanda wa injini.

6. Kifuniko cha rejeta na chupa ya akiba. Hiki ndicho kifaa kidogo kinachodharauliwa kuliko vyote, nacho kinahitaji maelezo yake.

KIFUNIKO CHA REJETA NA SUFURIA YA MAHARAGWE

Anayepika maharagwe Werugha anajua kuwa yanachukua muda mrefu kuliko Voi. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwenye joto la chini zaidi. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa Wundanyi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana baadhi yetu hutumia sufuria ya presha, kwa sababu mvuke ukizuiwa, maji hupata moto zaidi kabla ya kuchemka.

Kifuniko cha rejeta hufanya kazi hiyo hiyo. Springi yake huzuia presha mpaka ifike kiwango kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida 0.9 au 1.1. Kwa presha hiyo, maji ndani ya rejeta hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Sasa fikiria kifuniko ambacho mpira wake umekatika. Presha haikai, na maji ya gari linalopanda Wundanyi yatachemka kwenye nyuzi 95, joto ambalo injini nzima hulifikia kwa urahisi mlimani. Injini itachemsha maji ingawa haina ugonjwa mwingine wowote.

Kifuniko kina kazi ya pili. Maji yakipata moto hutanuka, na yanayozidi huenda kwenye chupa ya akiba. Injini ikipoa, mlango mdogo ulio katikati ya kifuniko hufunguka na maji huvutwa kutoka kwenye chupa kurudi kwenye rejeta. Mlango huo ukikwama, maji hayarudi. Hapo utaona chupa imejaa ilhali rejeta haina kitu. Madereva wengi wameunguza injini huku chupa ikiwa imejaa. Kwa hiyo angalia zote mbili, chupa na rejeta, injini ikiwa baridi.

Kifuniko huuzwa kwa mamia ya shilingi. Kazi ya kubadilisha gasketi ya silinda hedi huhesabiwa kwa maelfu mengi. Nunua kifuniko chenye nambari ile ile iliyo kwenye kile cha zamani. Usiweke chenye presha kubwa zaidi ukidhani utapata nafuu, kwa sababu utapasua rejeta au mipira iliyozeeka.

TAHADHARI: MVUKE HUUNGUZA KULIKO MAJI YA CHAI

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Maji yaliyo kwenye nyuzi 110 chini ya presha hugeuka mvuke mara tu unapoyafungulia, nayo huruka usoni na kifuani kabla hujaweza kurudi nyuma. Kitambaa peke yake hakikukingi.

Zima injini na usubiri angalau nusu saa. Shika mpira wa juu wa rejeta. Ikiwa huwezi kuufumbata kwa starehe, au ukiuminya unahisi ni mgumu, bado. Ukipoa, funika kifuniko kwa kitambaa kizito, geuza uso wako pembeni, kizungushe hadi kituo cha kwanza tu, na ungoje presha yote itoke. Kisha kikandamize na kukiondoa.

Mtu akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla ya uvimbe kuanza. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala asali. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya, hasa ikiwa ameungua uso, macho, mikono au sehemu kubwa ya mwili.

GARI LIKIPATA MOTO SAFARINI

Dereva anayetazama geji ya joto mara kwa mara hupata onyo mapema. Sindano ikipanda kupita mahali pake pa kawaida, fanya hivi:

- Zima kipoza hewa cha ndani.
- Washa hita ya gari kwenye moto kabisa, na feni yake kwa kasi. Hutapendezwa, lakini hita ni rejeta ndogo na itaondoa sehemu ya joto.
- Sindano ikiendelea kupanda, tafuta mahali salama pa kuegesha. Usisubiri ufike kileleni.
- Zima injini. Weka pembetatu za tahadhari, moja ikiwa angalau mita 50 nyuma ya gari, na kabla ya kona ikiwa umesimama karibu na kona.
- Ukitumia mawe kuzuia magurudumu, yaondoe barabarani kabla hujaondoka. Jiwe lililosahauliwa humwangusha wa pikipiki usiku.
- Usimwage maji juu ya injini, wala usiongeze maji baridi kwenye injini iliyoungua. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji ya mto hupasuka. Subiri ipoe, kisha ongeza kidogo kidogo.

Kuna hatari moja ambayo hata madereva wa miaka mingi huisahau. Sensa ya joto husoma maji. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani, na sindano inaweza kushuka wakati injini inaungua. Sindano iliyopanda sana kisha ikaanguka ghafla si habari njema. Simama.

KUTAFUTA UGONJWA: LINI GARI HUPATA MOTO?

Kabla ya kununua spea yoyote, jiulize swali hili moja: gari hupata moto wakati gani? Jibu lake hupunguza kazi ya kutafuta kwa nusu.

Likipata moto limesimama au kwenye msongamano, lakini hupoa likikimbia: kagua feni kwanza. Washa kipoza hewa cha ndani. Katika magari mengi feni ya rejeta huzunguka papo hapo. Isipozunguka, angalia fyuzi, rilei, plagi ya waya na mota ya feni. Kwa feni ya mkanda, kagua mkanda na klachi ya feni.

Likiwa sawa limesimama, lakini hupata moto likipanda mlima au likienda kasi: maji hayapiti ya kutosha. Rejeta inaweza kuwa imeziba kwa kutu ndani, au kwa matope na wadudu nje. Themostati inaweza kuwa inafunguka nusu. Mpira wa chini unaweza kuwa laini kiasi cha kunyonywa na kujikunja pampu inapovuta kwa nguvu.

Likipata moto dakika chache tu baada ya kuwashwa: themostati imekwama ikiwa imefungwa, maji yamepungua sana, kuna hewa ndani, au gasketi ya silinda hedi imeungua.

Likichelewa mno kupata moto, na sindano hubaki chini hata baada ya kilomita nyingi: themostati imekwama ikiwa wazi, au iliondolewa.

Sindano ikipanda na kushuka ovyo: kuna hewa kwenye mfumo au maji ni machache.

YALIPO MAJI YALIYOPOTEA

Tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Asubuhi litakuambia mengi. Madoa ya kijani au mekundu ni ya kulanti. Meusi ni ya oili. Maji meupe yasiyo na harufu, yanayodondoka baada ya safari ya mchana, mara nyingi ni ya kipoza hewa na hayana ubaya.

Kisha kagua kwa macho na mikono, injini ikiwa baridi. Tazama viungo vyote vya mipira. Ukoko mweupe au wa rangi ya kutu ni alama ya mahali panapovuja. Minya mipira. Iliyolainika kama mkate uliolowa, au iliyo migumu yenye nyufa, ibadilishwe pamoja na klipu zake. Tazama chini ya pampu ya maji, ambapo kuna kitundu kidogo. Kitundu hicho kikitoa maji, sili ya pampu imekufa. Mwisho gusa zulia la upande wa abiria. Likiwa na unyevu, na kioo cha mbele hujaa ukungu wenye harufu tamu, hita inavuja ndani.

Ikiwa hukuona uvujaji wowote na maji bado yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni hizi: moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa na moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, na mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi. Fundi mwenye vifaa anaweza kuthibitisha kwa dawa maalumu ya rangi ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka manjano, moshi wa injini unaingia kwenye maji. Omba kipimo hicho kabla ya kukubali injini ifunguliwe.

USIKUBALI THEMOSTATI ITUPWE

Chukua mfano wa mkulima wa Werugha anayeshuka na sukuma wiki kwa Corolla yake. Gari limeanza kupata moto anaporudi nyumbani. Anampelekea fundi.

"Mzee, hapa dawa ni kutoa themostati. Hizi ni za nchi za baridi. Huku kwetu hazina kazi," anasema fundi.

"Na ukiitoa, fundi, maji yatapita wapi?"

"Yatapita wazi, mzee. Hakuna kizuizi."

Ushauri huu umeenea sana, na kwa magari haya ni makosa. Themostati ya injini nyingi za Toyota ina milango miwili. Mlango mkubwa unapofungua njia ya rejeta, mdogo hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiiondoa themostati, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupozwa hata kidogo. Tambarareni hutaona tofauti. Mlimani, mahali ambapo kila tone lilipaswa kupita kwenye rejeta, gari litapata moto kuliko mwanzo. Zaidi ya hayo, injini isiyofikia joto lake hutumia petroli nyingi na huchakaa upesi.

Huhitaji kubishana na fundi. Ipimeni pamoja. Ining'inize themostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, kisha washa moto. Kabla maji hayajachemka, inapaswa kuanza kufunguka, na ikitolewa kwenye maji ijifunge tena. Isipofunguka, au isipofunga, nunua nyingine. Wakati wa kuirudisha, kitundu kidogo chenye kipini kielekee juu ili hewa itoke.

MAJI AU KULANTI?

Baadhi yetu hudhani kulanti ni ya nchi zenye barafu. Ni kweli huzuia maji yasigande, lakini kwetu ina kazi nyingine tatu: huzuia kutu, hulinda sili ya pampu, na huongeza joto la kuchemka. Silinda hedi ya Corolla ni ya aluminiamu na bloku ni ya chuma. Maji matupu hula metali hizo mbili zikiwa pamoja, na kutu inayotoka ndiyo huziba mirija ya rejeta. Maji ya kisima yenye chumvi ni mabaya zaidi. Ikiwa huna budi kuongeza maji, ya mvua yaliyochujwa ni afadhali, na yaliyokenekwa ni bora.

Soma maandishi ya mtungi. Kulanti iliyokolezwa huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. Iliyo tayari haiongezwi kitu. Usichanganye aina mbili, wala usiamini rangi peke yake, kwa sababu kila kiwanda huchagua rangi yake. Kulanti ya kawaida ibadilishwe kila baada ya miaka 2.

Epuka pia dawa za njiani kama unga wa pilipili au ute wa yai vinavyotiwa ili kuziba tundu. Huziba tundu kwa siku chache, na huziba mirija ya rejeta kwa siku zote.

KUBADILISHA KULANTI, HATUA KWA HATUA

1. Hakikisha injini ni baridi na gari liko mahali tambarare. Ondoa kifuniko cha rejeta.
2. Weka beseni chini, fungua plagi ya chini ya rejeta na uyaache yote yatoke.
3. Funga, jaza maji safi, washa injini kwa dakika chache, zima, acha ipoe, kisha toa tena. Rudia mpaka yatoke meupe.
4. Weka hita ya ndani kwenye moto ili njia yake nayo ifunguke.
5. Mimina kulanti mpya polepole. Mfumo wa Corolla hizi huchukua takriban lita 5 hadi 6.
6. Washa injini kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yatatoka na kiwango kitashuka. Ongeza kidogo kidogo. Usiinamie mdomo wa rejeta.
7. Mpira wa chini ukianza kupata joto, themostati imefunguka. Jaza, funga kifuniko, na ujaze chupa ya akiba katikati ya alama ya chini na ya juu.
8. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua tena rejeta na chupa.

Kulanti iliyotolewa ni sumu, na ladha yake tamu huwavutia watoto, mbwa na mifugo. Usiimwage mferejini, shambani wala karibu na chemchemi. Ihifadhi kwenye mtungi uliofungwa na kuandikwa, mbali na jikoni, na uulize gereji yako kama inapokea taka za aina hiyo.

RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila wiki: kiwango cha maji kwenye chupa na rejeta, injini ikiwa baridi, madoa chini ya gari, oili.

Kila mwezi: mipira na klipu, mkanda, ambao ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba unalegea sentimita 1 hivi, kuzunguka kwa feni, mpira wa kifuniko. Osha mapezi ya rejeta kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukianzia upande wa injini kwenda mbele, ili vumbi jekundu na wadudu watoke walikoingilia.

Kila miaka 2: badilisha kulanti, kagua au ubadilishe kifuniko na themostati.

Weka daftari dogo kwenye gari. Andika tarehe, kilomita, na kiasi cha maji ulichoongeza. Ukiongeza mara mbili katika mwezi mmoja, usingoje ya tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

JIPIME

1. Gari lako hupata moto kwenye foleni lakini hupoa barabara kuu. Utaanza kukagua nini?
2. Chupa ya akiba imejaa. Je, una hakika rejeta imejaa?
3. Sindano imepanda sana, kisha imeanguka ghafla. Utafanya nini?
4. Fundi anataka kuondoa themostati ya Corolla yako. Utamjibuje?

Majibu: (1) Feni pamoja na fyuzi, rilei na waya zake. (2) La. Kifuniko kinaweza kuwa hakirudishi maji. Fungua na uangalie injini ikiwa baridi. (3) Nitasimama mahali salama na kuzima injini, kwa maana maji huenda yameisha. (4) Tuipime kwanza kwenye sufuria ya maji. Ikiwa mbovu tuweke mpya, kwa sababu bila hiyo sehemu ya maji haitapita kwenye rejeta.

Mpe jirani yako nakala ya somo hili. Na kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, fungua boneti utazame.